Salamu Kwanza, Mate Baadaye

Najua nimepotea. Wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akasambaza kwamba nimeoa kimya kimya. Sikuoa jamani. Nilifiwa na bibi yangu mzaa baba. Na kwa muda mrefu nilishindwa nianzie wapi, maana habari yenyewe inaanza na kosa langu mwenyewe.

Leo nataka tuzungumze kuhusu mate. Ndiyo, mate haya haya ya mdomoni. Najua wengine mko kazini mnanywa chai, mtanisamehe.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 20 Januari 2025, pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera. Pembeni yake alikuwepo Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus. Ilikuwa mara ya pili kwa nchi yetu. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 2023, Bukoba, mkoa huo huo, ambapo watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Na miezi michache tu kabla ya Biharamulo, jirani zetu wa Rwanda walikuwa wametoka kupigana na ugonjwa huo huo: wagonjwa 66, vifo 15, wengi wa walioambukizwa wakiwa ni wahudumu wa afya.

Sisi wa magazeti tukaanza kukimbizana. Mwishoni mwa Januari mhariri wangu akanituma kwenye semina ya siku moja ya waandishi, katika hoteli moja hapa Dar. Mnazijua semina hizi. Saa nne chai na sambusa, saa sita picha ya pamoja, saa saba wali kuku, jioni unasaini karatasi unapewa bahasha ya nauli. Nilikaa meza moja na kaka mmoja wa maabara, mpole, asiyependa makuu, tukabadilishana namba.

Pale semina ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kuhusu sampuli ya kinywa. Mtu akifariki ghafla kwa homa katika eneo lenye mlipuko, kabla hajazikwa wanakuja wataalamu, wanapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu lake, wanachukua mate yaliyobaki, wanapeleka maabara. Basi. Mtoa mada mmoja akalalamika kwamba changamoto kubwa ni familia zinazokataa.

Kesho yake nikaandika. Kichwa cha habari, na naomba mkisome polepole: "Wakaidi wakwamisha vipimo vya Marburg." Nilimnukuu mtoa mada. Nilimpigia simu ofisa mmoja akasema yale yale. Mwanakijiji je? Sikumpigia hata mmoja. Mhariri akanipongeza, habari ikapanda ukurasa wa tatu. Nikajiona mwandishi kweli kweli.

Wiki mbili baadaye, Jumatano saa kumi na moja alfajiri, simu ikaita. Baba mdogo. Ukipigiwa saa hizo kutoka kijijini huhitaji kuuliza.

"Bibi yako ametuacha."

Nikauliza alikuwa anaumwa nini. Akasema homa siku nne, anatapika, hali kitu. Halafu akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Kila mmoja alikuwa na neno moja kichwani na hakuna aliyetaka kulitamka.

Kijiji chetu kiko Kagera, katika wilaya inayopakana na Biharamulo. Sitakitaja, wahusika wapo na wanaishi humo.

Nauli ya ndege sikuwa nayo. Nikapanda basi la Bukoba mchana ule ule. Hilo basi, kwa wasiojua, linapita Biharamulo penyewe. Asubuhi ya Alhamisi, tulipoanza kuingia mkoani, abiria waliokuwa wanapiga soga tangu Dodoma wakawa kimya. Tuliposhuka kuchimba dawa kila mtu alinawa mikono bila kuambiwa. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alipopiga chafya, akageuka mwenyewe kutuomba radhi bus zima. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha woga.

Njia nzima nilikuwa namuwaza Bibi, na sijui kwa nini nilimkumbuka kwa mate. Nilipokuwa mdogo, likizo ya Desemba, alikuwa akilowesha kidole gumba kwa mate yake na kunifuta tongotongo kabla hatujaenda kanisani. Nachukia, najikunja, yeye anashikilia kichwa. Alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Wahaya watanielewa: mgeni kwetu hapewi maji kwanza, anapewa kahawa ya kutafuna. Bibi alikuwa anaivunja kwa meno, nusu anatafuna yeye, nusu ananipa mimi. Mate yake nimeyala tangu sijaota meno vizuri. Na sasa ndiyo mate yale yale yanayoogopwa.

Nilifika nyumbani Alhamisi jioni. Kwa mila yetu ungetegemea kusikia vilio tangu barabarani. Palikuwa kimya. Watu walikuwa wachache, wamekaa mbali mbali chini ya migomba. Mlango wa nyumba umefungwa. Ukutani karibu na mlango kulikuwa na michirizi myeupe iliyokauka. Klorini.

Nikahadithiwa. Jumatano mchana lilikuja gari. Watu wanne wakavaa mavazi meupe kule barabarani, nyuma ya gari, wakatokeza kwenye migomba wakiwa tayari wamefunikwa uso mpaka miguu. Hakuna aliyewaona nyuso zao. Hakuna aliyesema pole. Wa mbele alikuwa na pampu mgongoni, akaanza kunyunyiza mlango. Mwingine akauliza kwa sauti kubwa, "Maiti iko wapi?"

Maiti iko wapi. Kwa watu ambao masaa nane tu yaliyopita walikuwa na mama.

Baba mdogo akasimama mlangoni. Binamu yangu mmoja, dereva wa bodaboda, akaingia jikoni akatoka na panga. Hakumgusa mtu, lakini alilishika pale wakaliona. Wale wanne wakarudi nyuma taratibu, wakapanda gari, wakaondoka. Ripoti yao bila shaka iliandikwa: familia imekataa.

Usiku ule ule uvumi ukaanza kutembea. Kwamba wanakata ulimi. Kwamba wakishachukua mate wanaandika Marburg hata kama si Marburg, ili hela za wafadhili ziendelee kuja. Kwamba aliyechukuliwa mate hazikwi kwao.

Wote wakanigeukia mimi. Mjukuu msomi, mtu wa gazeti, mwenye kujuana na wakubwa. "Wewe ndiye wa kuwazuia," akasema babu mmoja wa ukoo. "Wapigie huko Dar waambie hatutaki."

Ndipo baba mdogo akatoa simu yake mfukoni. Akaiwasha, akanipa bila kusema neno. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mtu alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa tatu. Habari yangu. Jina langu chini ya kichwa cha habari.

"Hawa wakaidi," akaniuliza kwa upole kabisa, "ndio sisi?"

Ndugu zangu, nimewahi kukaripiwa na mhariri mbele ya chumba kizima cha habari. Nimewahi kutishiwa na mwanasheria wa mtu mkubwa. Sijawahi kukosa jibu kama siku ile.

Usiku sikulala. Nilitoka nje, nikasogea mpaka kwenye kichuguu ambako mtandao unapatikana, nikampigia yule kaka wa maabara wa kule semina. Ilikuwa karibu saa tano. Akapokea. Nikamuuliza maswali yote ambayo nilipaswa kumuuliza siku ile ya wali kuku.

Kwa nini mdomoni? Akanieleza kwamba mgonjwa aliye hai huchukuliwa damu, hiyo ndiyo sampuli bora, hasa siku za mwanzo. Kwa aliyefariki damu haitembei tena. Ili kuipata lazima utumie sindano ndefu uelekeze moyoni, na sindano ni hatari kwa mchukuaji: ikimchoma kidole, naye ameingia kwenye hesabu. Kinywa hakihitaji sindano. Na mtu aliyeuawa na virusi hivi anakuwa navyo kwa wingi mwilini, mate yakiwemo, kwa hiyo kijiti kidogo cha pamba kinatosha.

Si tumechelewa? Akasema hapana. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2015, lilifanywa kwa nyani waliokufa kwa Ebola, ambaye ni ndugu wa karibu wa Marburg. Virusi hai vilipatikana kwenye miili mpaka siku ya 7 baada ya kifo, na mabaki ya vinasaba vyake yakaonekana mpaka wiki ya 10. "Ndiyo maana tunawaambia msioshe," akasema. "Aliyekufa kwa ugonjwa huu anaambukiza kuliko alivyokuwa hai."

Akaniambia na mambo mengine. Kwamba hata popo wa matunda wanaofuga virusi vya Marburg, wale wanaolala mapangoni kuanzia Kitum kule Mlima Elgon mpaka Uganda, watafiti waliwapima kwa njia hiyo hiyo. Waliwaambukiza maabara, wakawapitishia kijiti mdomoni, wakakuta virusi kwenye mate. Popo akiling'ata tunda na kuliangusha, mate yake yanabaki pale.

Halafu nikauliza lile lililokuwa linanikaba. Bibi yangu anaweza kuwa na malaria tu?

"Inawezekana sana," akasema. "Dalili zinafanana. Ndiyo maana tunapima, si kwa sababu tumeshajua."

Niliporudi nikamkuta shangazi amekaa peke yake kwenye kigoda karibu na mlango uliofungwa. Yeye ndiye aliyemuuguza Bibi siku zote nne. Ndiye aliyemlisha uji, akamfuta matapishi kwa khanga yake. Mtoto wake wa kike, ambaye yuko kidato cha pili, ndiye aliyekuwa akifua.

Nikamweleza niliyoambiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nataka kumuosha mama yangu. Basi. Sina kingine."

Nikamwambia, shangazi, kama ni ule ugonjwa, wewe na mtoto mtatakiwa kuangaliwa siku 21. Mkianza homa mapema mtasaidiwa mapema. Bila kipimo tutakaa humu tunahesabu siku kwa kuogopana. Bibi haumwi tena. Hicho kijiti kinawapima ninyi.

Hakujibu. Lakini nilimuona akitazama mlango wa chumba alicholala binti yake.

Asubuhi ya Ijumaa baba mdogo akaita kikao kifupi. Wakabishana, mimi nikanyamaza maana nilikuwa nimeshasema vya kutosha kwenye ukurasa wa tatu. Mwisho shangazi ndiye aliyeamua. Akasema waje, lakini waje kama watu. Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji, naye akapiga anakojua.

Saa nne wakaja. Watu wengine kabisa. Gari wakaliacha barabarani, wakatembea kwa miguu kwenye migomba wakiwa na nguo zao za kawaida, mabegi mkononi. Walikuwa watatu, na aliyetangulia alikuwa dada wa umri wangu, amevaa gauni la kitenge na raba. Mbele ya wazee akapiga goti. Akasema pole. Akauliza, "Mama yetu alikuwa anaitwa nani?"

Jamani, swali dogo hilo! Nikasikia watu wote pale wakishusha pumzi. Babu wa ukoo akamtajia jina, kisha akamtajia na jina la baba yake Bibi, na la babu yake. Dada akasikiliza ukoo wote. Walipoletewa kahawa ya kutafuna akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye leso, akasema, "Nitaitafuna nikishamaliza kazi na kunawa. Sitaondoka sijaitafuna."

Kisha akakaa kwenye majani kama sisi akaeleza. Akafungua pakiti moja ya kijiti akampa shangazi akishike. Kijiti chenyewe ni kama cha kusafishia masikio, ila kirefu. Shangazi akakigeuza geuza. "Ni hiki tu?" "Ni hiki tu, mama. Hakuna wembe, hakuna mkasi." Akasema mmoja wetu atasimama dirishani aone kila kitu, na kwamba watavaa yale mavazi hapa hapa uani, mbele yetu, ili tujue nani yuko ndani ya vazi gani. Akasema jambo lingine pia, ambalo nilimheshimu kwa kulisema: kwamba wanavaa kwa sababu wanaogopa. "Wenzetu wamekufa kwa kazi hii. Na mimi nina mtoto."

Nikawafikiria wale wanne wa Jumatano. Nao walikuwa wanaogopa. Waliuvaa woga wao kule nyuma ya gari, tusiuone, na sisi tukaona kiburi.

Wakavaa. Glavu mbili mbili, miwani, barakoa, aproni, mabuti. Shangazi alipomuona yule dada anaingia mlangoni akapaza sauti:

"Mwanangu, mfungue kinywa taratibu. Ana jino la kushoto linamsumbua."

Dada akageuka, na kutoka ndani ya ile barakoa akajibu, "Nitafungua taratibu, mama. Nitaanzia kulia."

Aliyechaguliwa kusimama dirishani nilikuwa mimi. Nitawaambia nilichokiona, maana nilikwisha kukiandika bila kukiona.

Alipiga goti kando ya kitanda. Akasema kitu kwa sauti ya chini, nadhani ni "samahani Bibi." Mkono mmoja akaushusha mdomo wa chini kidogo tu. Akaingiza kijiti, akakizungusha ndani ya shavu la kulia, akapitisha chini ya ulimi, akamalizia kushoto kwa upole kabisa. Haikufika nusu dakika. Akakiingiza kijiti kwenye kichupa chenye maji maji, akavunja mpini wake, akafunga kifuniko. Akakifuta kichupa kwa klorini. Kikaingia kwenye chombo cha pili, kikafungwa, kikafutwa. Kikaingia kwenye kisanduku cha tatu, cha baridi. Jina la Bibi, umri, tarehe, saa. Kisha akarudi, akamfunga Bibi mdomo, akamwekea shuka vizuri mpaka kidevuni. Hilo la shuka sidhani limeandikwa kwenye mwongozo wowote.

Alipovua na kunawa akakaa tena kwenye majani, akafungua leso, akatafuna kahawa yake.

Hapo ndipo ukaja uamuzi mgumu. Majibu yangepatikana kesho yake. Ndani ya mkoa kuna maabara, wanatumia kipimo cha PCR, mashine inayonakili kipande cha vinasaba vya kirusi mara nyingi sana mpaka kionekane kama kipo. Tukipenda, tusubiri: Bibi awekwe kwenye mfuko maalumu, na majibu yakiwa mazuri tumuoshe na kumzika tunavyojua. Au tuzike leo kwa njia salama, mfuko usifunguliwe.

Lakini ilikuwa siku ya tatu. Joto la Februari mnalijua. Kijijini hakuna mochwari. Wale waliokuwa karibu na nyumba wanaelewa bila mimi kueleza. Wazee wakaamua tuzike.

Tulizika saa kumi, kwenye shamba la migomba, karibu na babu. Dada yule akauliza kama kuna kitu tunataka Bibi aende nacho. Shangazi akaleta lubugo, kitambaa cha gome la mti alichorithi Bibi kwa mama mkwe wake, kikawekwa juu ya jeneza. Katekista akasali akiwa hatua chache tu. Tukatupa udongo kwa mikono, tukanawa.

Jumamosi jioni simu ya mwenyekiti ikaita. Majibu: HASI. Si Marburg.

Watu walirukaruka. Binamu wa panga alilia kama mtoto. Binti wa kidato cha pili akatoka ndani kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akaanza kupokea watu mikono. Mimi nikamtafuta shangazi nikamkuta nyuma ya nyumba. Ameshika beseni jipya la bluu. Alikuwa amelinunua Jumatano asubuhi, la kumuoshea mama yake.

"Kwa hiyo ningeweza kumuosha," akasema.

Nikataka kumwambia lile jibu la kitaalamu, kwamba hatukuweza kujua, kwamba tahadhari ni bora. Yote ni kweli. Lakini kichwani nilikuwa napiga hesabu nyingine. Kama sampuli ingechukuliwa Jumatano mchana, majibu yangetoka Alhamisi. Alhamisi jioni, muda ule ninaoshuka kwenye basi, shangazi angekuwa anamuosha mama yake kwenye beseni la bluu. Jumatano haikukosekana klorini wala kijiti wala gari. Ilikosekana pole. Dakika tano za kukaa kwenye majani.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma, kwa kuchelewa kama kawaida yetu. Nikakuta kwamba somo hili dunia ilikwisha kulilipia bei kubwa. Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, uliua watu zaidi ya 11,000. Sierra Leone walifika mahali kila anayekufa, hata kwa ajali, anachukuliwa sampuli ya kinywa. Mwanzoni timu za maziko zilikuja kama zilivyokuja kwetu Jumatano, watu wakawa wanaficha wagonjwa na kuzika usiku. Septemba 2014, katika kijiji cha Womey nchini Guinea, ujumbe uliokwenda kuelimisha watu kuhusu Ebola ulishambuliwa, watu 8 wakauawa, wakiwemo wanahabari. Wanahabari, jamani. Watu wa kazi yangu. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa maziko, safari hii yakiitwa salama NA yenye heshima: familia ikubali kwanza, viongozi wa dini washirikishwe, kazi isianze kabla ya makubaliano.

Kwa hiyo yule dada wa kitenge hakuwa mtu wa huruma tu. Alikuwa anafuata utaalamu. Salamu ni sehemu ya kipimo kama kilivyo kisanduku cha baridi. Ukiiruka, kinywa hakifunguki.

Tarehe 13 Machi 2025 mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kwisha. Hesabu ya mwisho ni watu 10, na wote 10 walifariki. Lakini waliothibitishwa na maabara ni 2 tu. Wanane walishafariki kabla mlipuko haujathibitishwa, wakaandikwa kwenye orodha ya wanaohisiwa. Nikiisoma ile namba 8 sasa siioni kama namba. Naona familia nane ambazo hazikupata jibu kama tulilolipata sisi.

Nilimwomba mhariri niandike habari nyingine ya kusahihisha ile ya kwanza. Akasema haikuwa na kosa, kila nukuu ni sahihi. Ni kweli, na hilo ndilo linalonisumbua. Kila neno lilikuwa sahihi na bado ilikuwa uongo, maana niliandika kwamba watu walikataa, nikasahau kuuliza walikataa nini. Hawakukataa kijiti. Nilikiona kikishikwa na shangazi yangu, kikageuzwa, kikakubaliwa. Walikataa kuulizwa "maiti iko wapi" na mtu asiye na uso.

Basi ndiyo naandika hapa, ambapo hakuna mhariri. Neno "wakaidi" nimelifuta kwenye msamiati wangu wa kazi. Siku nikisikia tena kwamba kijiji fulani kimegoma, kabla ya kushika kalamu nitapiga simu mbili: ya kwanza kwa mwanakijiji, nimuulize kama kuna aliyewasalimia.

Shangazi hajambo, na binti yake yuko kidato cha tatu. Beseni la bluu lipo, halitumiki kwa kazi yoyote. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta ameligeuza juu chini kwenye kona ya chumba cha Bibi, na juu yake ameweka kile kikapu cha kahawa. Akanivunjia moja kwa meno, akanipa nusu.

Nikaipokea kwa mikono miwili.